Faili Likikataa Kufunguka: Ushauri kwa Wasanifu na Wachapaji wa Butembo na Beni

Faili la kazi likikataa kufunguka, liache kwanza. Usilifungue mara ya pili, usihifadhi kitu kingine kwa jina lake, usiihamishe flashi kutoka mashini hii kwenda ile kutafuta yenye bahati. Chukua nakala ya faili, iweke kwenye diski ya kompyuta, na majaribio yote yafanyie kwenye nakala hiyo. Naanza na hili kwa sababu katika sekretaria zetu, vile vyumba vya kuchapa na kutoa kopi vilivyojaa Butembo na Beni, kazi nyingi hazipotei pale zinapoharibika. Zinapotea dakika chache baadaye, mteja akiwa amesimama nyuma ya kiti, msanifu ana haraka, na kila kitufe kinabonyezwa.

Kazi zenyewe tunazijua: kadi za harusi na mahari, vijitabu vya misa na mazishi, kalenda za mwisho wa mwaka, etiketi za kahawa na kakao, mabango ya shule na ya wagombea. Na kazi hizi hurudi. Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne tu kabla ya uchaguzi, tume ya CENI ilitangaza kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura pamoja na nchi nzima, kwa sababu ya Ebola na usalama. Kura ya wabunge ikasogezwa hadi Machi 2019. Kila bango lenye tarehe ya zamani likawa halifai. Mchapaji mwenye faili zima alihitaji kubadilisha mstari mmoja, na asiye nalo ilimbidi aitafute picha ya mgombea upya na kupanga kila herufi tangu mwanzo. Kwa hiyo ninapozungumzia kuhifadhi, simaanishi mpaka mteja alipe na kuondoka. Namaanisha faili linalofunguka miezi mitatu baadaye, na mwaka ujao mteja anapokuja na kalenda yake akisema, "Badilisha mwaka tu."

Ili ujue la kufanya, elewa kwanza kinachotokea unapobonyeza amri ya kuhifadhi. Programu huandika kazi yako kipande kwa kipande, na Windows huweka baadhi ya vipande kwenye kumbukumbu ya muda kabla ya kuviteremsha kwenye diski. Kwa macho yako kazi imekwisha, kumbe ndani bado inaandikwa. Jenereta ikizimika wakati huo, au flashi ikichomolewa, kinachobaki ni faili lenye jina bila mwili. Diski ya ndani yenye mfumo wa NTFS ina daftari la kurekebisha majina na ukubwa wa mafaili baada ya umeme kukatika, lakini daftari hilo halitunzi yaliyomo. Ndiyo maana unaweza kukuta faili la megabaiti 40, ukubwa wake sahihi kabisa, na ndani limejaa sufuri tupu. Flashi za FAT32 na exFAT hazina hata daftari hilo.

Basi uchunguzi uanzie kwenye ukubwa. Faili likionyesha kilobaiti 0, hakuna cha kutengeneza. Usipoteze saa nzima kwa programu zinazojitangaza kwamba zinatengeneza mafaili yaliyoharibika, nenda moja kwa moja kutafuta nakala ya zamani. Likiwa na ukubwa wake wa kawaida, ifungue nakala yake kwa Bloc-notes na uangalie herufi za mwanzo kabisa. Faili la Photoshop huanza na 8BPS. PDF huanza na %PDF, na faili la Illustrator la siku hizi huanza hivyohivyo. CorelDRAW tangu toleo la X4 la mwaka 2008 huanza na PK, kwa sababu ni furushi la zip, na la zamani zaidi huanza na RIFF. Ukiona herufi hizo, kichwa cha faili ni kizima na kuna matumaini. Ukiona nafasi tupu kuanzia juu hadi chini, hizo ndizo sufuri nilizozitaja, na hapo pia dawa ni nakala ya zamani. Funga Bloc-notes bila kuhifadhi chochote, kwa sababu ikiandika upya faili la namna hiyo italiharibu kabisa.

CorelDRAW ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kazi za kwetu, kwa hiyo nikae hapo kidogo.

Mara nyingi faili la Corel linalosemwa limeharibika halina ugonjwa wowote. Limetengenezwa kwenye toleo jipya, nawe unalifungua kwenye la zamani. Kijana wa Kipese ana laptopu mpya yenye toleo la juzi, sekretaria ya Butembo bado ina X7, na mteja aliyebeba flashi katikati yao ndiye anayeambiwa kazi imekufa. Kabla ya kusema neno hilo mpigie simu aliyetengeneza, muulize anatumia toleo gani, umwombe alihifadhi tena kwa "Enregistrer sous" akichagua toleo la chini, pamoja na nakala ya PDF. Simu ya dakika mbili inaokoa safari nzima ya pikipiki.

Kama ni toleo lilelile na bado halifunguki, angalia ndani ya folda lilimokaa. Corel, ikiwa imeruhusiwa katika mipangilio yake, huweka pembeni faili ambalo jina lake huanza na Backup_of_. Hilo lina kazi kama ilivyokuwa kabla ya hifadhi ya mwisho. Linakili, lipe jina jipya, lifungue. Kuna nakala ya pili, ile ya dharura inayojiandika yenyewe kila baada ya dakika kadhaa. Hiyo huishi tu pale programu inapokufa ghafla, maana ukiifunga Corel kawaida hufutwa. Kwa hiyo ukiiwasha baada ya umeme kukatika nayo ikakuuliza kama unataka kurudisha kazi, kubali, kisha uihifadhi papo hapo kwa jina jipya. Nimeona watu wakilifunga dirisha hilo kwa haraka wakidhani ni usumbufu. Ingia leo kwenye "Options", hakikisha nakala zote mbili zimewashwa, na upunguze muda wa ile ya dharura uwe dakika tano.

Nakala zote zikikosekana, bado lipo la kujaribu kwa mafaili yanayoanza na PK. Chukua nakala ya faili, badilisha mwisho wa jina lake kutoka .cdr kuwa .zip, ulifungue kwa 7-Zip. Kwenye mafaili ya X4 na X5, ndani ya folda liitwalo content mna faili la riffData.cdr ambalo ndilo mchoro wenyewe. Litoe nje ujaribu kulifungua peke yake. Kwenye matoleo ya baadaye mchoro umegawanywa vipande na njia hii haisaidii sana, lakini karibu siku zote utakuta picha ndogo za kurasa. Picha hizo hazitoshi kuchapa. Zinatosha kukuonyesha mpangilio, rangi na maneno ili uchore upya bila kumsumbua mteja akumbuke kila kitu. Jaribu pia kulifungua kwa LibreOffice Draw au Inkscape. Zote mbili ni za bure, husoma mafaili ya Corel kwa njia yao wenyewe, na mara nyingine hupita pale Corel ilipokwama. Usitegemee vivuli na miale itoke kama ilivyokuwa.

Kuna jambo jingine la Corel ambalo si la faili kabisa. Programu iliyovunjwa kufuli inaweza kugundulika, ikaonyesha ujumbe kwamba imezimwa, na kuanzia hapo ikakuruhusu kutazama tu, bila kuhifadhi wala kuchapa. Hilo hutokea pia muda wa majaribio ukiisha. Najua bei ya leseni kwa chumba kidogo cha mtaani, wala simhukumu mtu. Lakini biashara inayosimama juu ya programu inayoweza kufungwa siku ya harusi ya mtu haina msingi. Zaidi ya hapo, virusi vinavyofunga mafaili yote ya kompyuta na kudai pesa, hasa ukoo wa STOP/Djvu, vimesambazwa sana kupitia programu hizohizo za kuvunja kufuli. Ukiona mafaili yako yote yameongezewa mwisho mpya wa jina usioujua, ondoa flashi na diski zote za nje, kata intaneti, umwite fundi kabla ya kugusa kitu. Kijana anayeanza leo namshauri ajifunze Inkscape. Faili lake ni maandishi ya kawaida, kiasi kwamba hata likikatika katikati unaweza kulifungua kwa Bloc-notes, ukafunga lebo zilizobaki wazi, ya mwisho ikiwa </svg>, na ukapata kila kilichoandikwa kabla ya mkato.

Kwa Photoshop shida kubwa ni uzito. PSD haivuki gigabaiti 2, wala pikseli 30,000 kwa upande mmoja. Piga hesabu: bango la mita 5 kwa dpi 300 ni pikseli 59,000 na zaidi, kwa hiyo usishangae likikataa kuhifadhiwa kama PSD baada ya kulifanyia kazi mchana kutwa. Bango hilohilo kwa dpi 100 halifiki pikseli 20,000, na mtu anayelitazama kutoka ng'ambo ya barabara hataona tofauti. Ukilazimika kuvuka mpaka, hifadhi kama PSB, ambayo inafika pikseli 300,000. Sababu ya pili ya kukataa ni diski C kujaa. Photoshop huandika mafaili yake ya muda humo, na nafasi ikiisha haihifadhi hata kazi ndogo. Usiifunge programu. Iache wazi, futa video na mafaili mazito kutoka diski hiyo, kisha ujaribu tena kwa jina jipya, ikiwezekana kwenye diski nyingine.

Tangu toleo la CS6 la 2012 Photoshop hujihifadhia nakala ya dharura kila dakika 10. Ipunguze iwe 5 katika "Préférences", sehemu ya "Gestion des fichiers". Hapohapo washa siku zote ule mpangilio wa "Maximiser la compatibilité". Unaongeza uzito wa faili, ndiyo, lakini unaweka ndani picha nzima iliyounganishwa. Siku tabaka moja likiharibika, shikilia Alt na Shift wakati unalifungua faili kupitia menyu ya kufungua. Photoshop itakuuliza kama isome picha iliyounganishwa badala ya tabaka. Utapoteza uwezo wa kuhariri tabaka, lakini utapata kitu cha kuchapa, na saa nane mchana siku ya Ijumaa, mteja akisubiri programu za mazishi ya Jumamosi, hicho ndicho unachohitaji. Jambo moja zaidi: tangu CS6 Photoshop huhifadhi huku ikikuruhusu kuendelea na kazi, na asilimia huonekana chini ya dirisha. Usizime mashini kabla haijafika mwisho.

Illustrator nitaipitia haraka. Ukihifadhi, acha tiki kwenye "Créer un fichier PDF compatible". Faili likikataa, badilisha mwisho wa jina la nakala kuwa .pdf na ulifungue kwa programu ya kusoma PDF, au anzisha hati mpya uliingize humo. Na kama kazi imefunguka lakini haikubali kuhifadhiwa, mara nyingi kuna kitu kimoja kibovu ndani yake, pengine fonti au picha iliyobandikwa kutoka WhatsApp. Nakili nusu ya vitu kwenye hati mpya ujaribu kuhifadhi. Ikikubali, ubovu uko kwenye nusu ya pili. Igawe tena hiyo, na tena, mpaka umpate mwenyewe. Njia hii inafaa kwa Corel na InDesign pia.

Sasa flashi. Usifanye kazi moja kwa moja juu yake. Mteja akikupa flashi, nakili faili kwenye diski ya kompyuta, fungua kutoka huko, hifadhi huko, na mwisho urudishe nakala kwenye flashi na kuitoa kwa amri ya "Éjecter". Sijui kanuni nyingine inayookoa kazi nyingi kiasi hiki, na haigharimu hata franka moja.

Flashi ikionekana tupu au imejaa njia za mkato zisizofunguka, usiiformati. Kuna kirusi cha zamani ambacho huficha mafolda halisi na kuweka sura za uongo mahali pake. Safisha kwa antivirusi, kisha fungua dirisha la amri na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako. Mafaili yatajitokeza. Flashi ikisema imejaa wakati bado ina nafasi tele, huenda ni FAT32 na faili lako limevuka gigabaiti 4, mpaka ambao mfumo huo hauvuki. Na flashi ya bei ndogo mno iliyoandikwa gigabaiti 128 inaweza kuwa na 8 tu za kweli. Inapokea mafaili, inaonyesha majina yote, lakini kila kilichopita uwezo wake hakipo. Kabla ya kuiamini flashi mpya, ijaribu kwa H2testw, programu ya bure inayoijaza yote na kusoma tena kilichoandikwa. Inachukua muda mrefu, iache ifanye kazi mashine za kopi zinapoendelea.

Ukiwa umefuta faili kwa bahati mbaya, usiandike kitu chochote kwenye flashi au diski hiyo. PhotoRec, nayo ya bure, inaweza kurudisha mafaili ya PSD, PDF na mengine mengi, mradi nafasi yao haijaandikiwa juu. Unachokiokoa kiweke kwenye diski nyingine. Diski ya nje ikianza kutoa sauti ya kugonga, izime mara moja, maana kila dakika inayozunguka inazidi kujikwaruza.

Kuhusu umeme, tunajua tulipo. Umeme wa maji wa Hifadhi ya Virunga ulianzia Mutwanga, chini ya Rwenzori, mwaka 2013, na nyaya zimeongezeka tangu hapo, lakini Butembo ilikua kwa miaka mingi ikitegemea jenereta za watu binafsi, na wengi bado wanazitegemea pamoja na sola. Watu hununua stabilizateri wakidhani wamejikinga. Stabilizateri hurekebisha nguvu ya umeme inayopanda na kushuka, haina betri, na umeme ukikatika nayo imekwisha. Unachohitaji ni UPS yenye betri nzima, au laptopu ambayo betri yake bado inashika. UPS ndogo inakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima vizuri. Usizitumie kumaliza kazi. Na zungumza na mwenye jenereta: akutumie neno kabla ya kuzima au kuongeza mafuta, hata kwa kugonga ukuta.

Nakala ndizo zitakazokuokoa pale yote haya yanaposhindikana. Kila unapofikia hatua kubwa, hifadhi kwa jina jipya lenye namba: harusi_01, harusi_02, harusi_03. Namba ya tatu ikifa, unapoteza kazi ya nusu saa, siyo ya wiki. Wapiga picha wana kanuni wanayoiita 3-2-1, iliyoenezwa na Mmarekani Peter Krogh: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikikaa mahali pengine. Kwa sekretaria ya mtaani nakala ya kwanza iwe kwenye kompyuta, ya pili kwenye diski ya nje inayochomekwa jioni tu, ya tatu nyumbani kwako au kwa ndugu wa mji mwingine. Intaneti ikiruhusu, jitumie mwenyewe kwa WhatsApp kama hati. Ukituma kama picha, WhatsApp huibana na kuipunguza ubora. Ikitumwa kama hati inafika ilivyo, hadi gigabaiti 2.

Nakala ya tatu tusiifanyie mchezo. Tangu Kanyabayonga ilipoingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Juni 2024, familia nyingi za kusini mwa Lubero zimefika Lubero mjini na Butembo na kile tu walichoweza kubeba. Wapo miongoni mwao waliokuwa na chumba cha kuchapa, na kompyuta ya mezani haibebwi juu ya kichwa. Diski ya nakala hiyo iwe ndogo, ikae mahali pamoja panapojulikana na watu wa nyumbani, na iwe na kazi zako zote, fonti zako na nembo za wateja. Mwenye diski hiyo anaweza kukaa kwenye mashini ya mwenzake Beni na kuendelea kupokea wateja wiki hiyohiyo.

Wale wanaopanga vijitabu kwa Publisher wana kazi ya kufanya mapema. Microsoft imetangaza kwamba itaacha kuihudumia programu hiyo Oktoba 2026. Fungueni mafaili yenu ya .pub mkiwa bado na Publisher inayofanya kazi, myageuze yote kuwa PDF, na yale mtakayohitaji kuyahariri myapeleke kwenye Word au programu nyingine, moja moja, mkianza na kazi zinazorudi kila mwaka. LibreOffice Draw husoma .pub, lakini mistari huhama na fonti hubadilika, kwa hiyo kagueni kila ukurasa.

Na mteja? Mwambie mapema. "Mama, faili lako limepata shida, kopi ya jana ninayo, nipe mpaka saa kumi" ni maneno ambayo mtu anaweza kuyapangia siku yake: ataenda sokoni, atampigia shangazi, atarudi. Kumwambia kila nusu saa kwamba iko karibu, mpaka giza linaingia, kunamfanya akose kadi na akose pia muda wa kuzitafuta kwingine. Kazi ikikamilika mpe PDF yake pamoja na karatasi, umwonyeshe ilipo kwenye simu yake, umwambie aitume kwa mtu mmoja wa familia kabla hajatoka mlangoni.